Eleza Shida Yako Hivi, Upate Huduma Inayokufaa

Ushawahi kujiuliza ni nani huamua menyu ya pesa kwenye simu yako iwe na nini? Wengi hudhani ni mafundi wa programu pekee. Kumbe kazi ikifanywa vizuri, mwamuzi ni wewe mteja.

Chukua M-Pesa. Majaribio yalipoanza Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walishirikiana na Faulu Kenya ili wateja wa mikopo midogo walipe mikopo kwa simu. Lakini watu walijipangia matumizi yao. Wasafiri waliweka pesa wakiondoka na kuitoa wakifika, wasitembee na keshi. Wafanyabiashara waliihifadhi humo usiku, benki zikiwa zimefungwa. Waanzilishi waliona hayo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lilihusu kutuma pesa nyumbani, si kulipa mkopo.

Kujua mahitaji ya mteja kuna njia kadhaa, na kila moja ina pengo lake. Ya kwanza ni kuuliza. Muulize mama anayeuza omena pale Dunga anataka nini, huenda akajibu, "Punguzeni makato." Ni kweli, ila si yote.

Ya pili ni kutazama. Kaa naye asubuhi biashara ikichangamka: mikono imelowa, wateja watatu wanalipa kwa mpigo, na hana nafasi ya kusoma kila meseji. Hapo ndipo meseji feki humpita, na faida ya siku inaenda. Hilo halitaji ofisini kwa sababu amelizoea. Lakini kutazama huchukua muda, na fundi hawezi kufika kila ufuo.

Ya tatu ni kumpa mfano ajaribu, hata uliochorwa kwenye karatasi. Kurekebisha karatasi ni rahisi kuliko kubomoa programu iliyokamilika.

Kwa hivyo ukipiga simu huduma kwa wateja, usiishie kusema "sistimu ni mbaya". Sema mambo matatu:

1. Ulikuwa unajaribu kufanya nini.
2. Ulikwama wapi, na skrini iliandika nini.
3. Ulijisaidiaje: uliandika kwa daftari, ama uliomba mtoto akusomee?

Hilo la tatu usiliache. Linaonyesha huduma inayokosekana.

Na katika maelezo yote hayo, namba yako ya siri haihitajiki. Usimpe mtu, hata akisema anatoka kwetu.