Daktari wa ubongo aliyehesabu chakula cha wagonjwa

Mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi huko Zongwe na kuzimia, jamaa zake wanajua kwamba mpasuaji wa ubongo hayuko karibu. Kutoka Kalemie, mashariki mwa Kongo, hadi Lubumbashi ni mamia ya kilomita, na Kigoma iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengi hukata tamaa hapo hapo, wakiamini kwamba pasipo kisu cha bingwa hakuna la kufanya. Bingwa mmoja ametumia miaka mingi kutafiti, na matokeo yake yanapingana na imani hiyo.

Roger Härtl, mzaliwa wa Ujerumani, ni mpasuaji wa ubongo na mgongo huko Weill Cornell, New York. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu swali ambalo ungedhani ni la mpishi: mgonjwa aliyeumia kichwani alishwe lini? Walichambua kumbukumbu za wagonjwa mahututi 797 kutoka vituo 22 vya jimbo la New York. Hatari ya kufa kwa wale ambao hawakulishwa ndani ya siku 5 ilikuwa mara 2 ya wenzao. Kwa waliokaa siku 7 bila kulishwa, mara 4.

Ubongo ulioumia huutia mwili mzima kwenye hali ya dharura. Mgonjwa amelala kimya, lakini homoni za mshtuko zinausukuma moyo na kuyeyusha misuli, na mahitaji ya nishati yanaweza kufika asilimia 140 ya yale ya mtu aliyepumzika. Sasa tazama dripu inayoning'inia pembeni. Ya chumvi haina kalori hata moja. Lita 1 ya sukari ya asilimia 5 ina kalori zisizozidi 200, na mtu mzima huhitaji kama 2,000 kwa siku. Familia huiona dripu ikatulia, kumbe mgonjwa ana njaa. Mwili unaanza kujila, ikiwemo misuli ya kupumulia. Kinga inashuka, na nimonia inaingia.

Wagonjwa wale 797 hawakugawanywa kwa kura, hivyo huwezi kuapa kwamba chakula peke yake ndicho kilichowaokoa. Hata hivyo watafiti walizingatia umri, presha na hali ya mboni za macho, na tofauti ilibaki. Mimi naiamini.

Lakini tafadhali: asiye na fahamu asinyweshwe uji kwa mdomo, kwa maana utaingia mapafuni. Hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kuuweka na kuukagua bila mashine kubwa.

Presha nayo ina uzito wake. Mwaka 1993 Mmarekani Randall Chesnut na wenzake, wakitumia kumbukumbu za wagonjwa 717 walioumia kichwani, walionyesha kwamba namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90 hata mara moja tu, vifo huongezeka zaidi ya maradufu. Ndiyo maana kuzuia damu isivuje jerahani kunaokoa ubongo pia.

Tangu 2008 Härtl ameshirikiana na madaktari wa Tanzania, hasa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, kufundisha na kutafiti majeraha ya kichwa na ya mgongo. Kwenye mgongo, saa za mwanzo ni za hatari sana. Pingili ikivunjika, uti wa neva uliomo ndani yake unaweza kuwa bado mzima. Kumkunja majeruhi mgongoni mwa mtu au kumkalisha kwenye pikipiki kunaweza kuukata. Alazwe juu ya ubao ulionyooka, mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, na wengine wamgeuze wote kwa pamoja, kwa amri ya huyo aliyeshika kichwa.

Haya ya chakula na presha yalijulikana kwa sababu kuna watu waliandika: saa ya ajali, presha, siku ya chakula cha kwanza. Kituo cha afya chenye daftari, kalamu na kipima presha kinaweza kuandika hayo hayo. Kumbukumbu za miaka michache tu kutoka vituo vya Kalemie zingetuonyesha wagonjwa wetu wanapotelea wapi: njiani, kwenye presha, au kwa njaa kitandani.