Ndege wa Darini na Haki ya Mwenye Ghala

Hapana mfanya biashara katika miji yetu ya pwani asiyewajua wageni hawa. Afunguapo ghala lake la mchele asubuhi huwakuta shomoro wamekwisha kumtangulia. Njiwa nao hukaa juu ya boriti wakayachafua marobota ya nguo, na kunguru huingia hata jikoni mwa hoteli akanyakua mkate mbele ya macho ya mpishi. Malalamiko ya wenye mali ni ya haki, wala hatuandiki haya kwa kuyadharau. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu, kinyesi cha ndege wote ni najisi, ijapokuwa wanavyuoni wamekisamehe kwa masharti pale kisipoepukika, kama msikitini. Mahanafi hukihesabu kinyesi cha njiwa na shomoro kuwa ni tohara. Lakini hata aliye Hanafi hatapenda kununua unga uliochanganyika nacho! Matabibu nao wasema kwamba vumbi la kinyesi kikavu cha njiwa, likivutwa puani, laweza kuleta maradhi ya mapafu. Kwa hiyo kisifagiliwe kikavu; kirowanishwe maji kwanza, na mfagiaji ajifunge kitambaa puani na kinywani.

Basi hatusemi kwamba ndege waachiwe ghala. Twasema juu ya namna ya kuwatoa, kwani hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na kosa lenyewe hufanyika juu darini ambako hapana alionaye.

Desturi ni hii. Mwenye mali akichoka huita fundi, naye hupanda ngazi akaziba kila tundu lililo chini ya mabati kwa saruji na wavu wa chuma, kazi ya siku moja. Hakutazama kama mna viota. Jioni mama hurudi na chakula mdomoni, akajigonga kwenye wavu, akazunguka, akarudi tena. Makinda yaliyomo ndani hulia siku ya kwanza, na siku ya pili sauti hupungua, kisha kimya. Baadaye mwenye ghala hushangaa kwa nini funza wanaanguka juu ya magunia yake.

Imepokewa katika Hadithi za Abu Daud, kwa njia ya Abdullah bin Masud (r.a.), kwamba Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), wakamwona ndege mwenye makinda mawili, wakayatwaa. Mama yao akaja akipiga mbawa juu yao. Mtume aliporejea akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishiwe mama yao. Natuangalie kwamba wale walikuwa Masahaba, si watu waovu. Hawakuwa na nia ya kutesa. Hata hivyo hawakuachiwa.

Wanahistoria husimulia pia habari ya Amri bin al-As (r.a.), aliyeifungua Misri. Alipotaka kung'oa hema lake aelekee Iskandaria, ilionekana njiwa ametaga humo. Jemadari mwenye jeshi zima linalomngoja akaamuru hema liachwe lilivyo mpaka makinda yaruke. Waliporudi walipiga kambi mahali hapo, ukajengwa mji ulioitwa Fustat, yaani hema, kiasi cha mwaka 641 au 642. Ikiwa jeshi liliweza kuliacha hema, je, ghala la mchele haliwezi kungoja mwezi mmoja?

Maana muda wenyewe ni kama huo. Mayai ya shomoro huanguliwa kwa kiasi cha wiki mbili, na makinda huruka baada ya wiki mbili nyingine. Njiwa ni mzito kidogo: hulalia mayai siku 17 hadi 19, na makinda yake hukaa kiotani kiasi cha mwezi mzima. Tena njiwa hana msimu. Hutaga mwaka mzima, na pengine hutaga upya kabla ya makinda ya kwanza kuondoka. Kwa hiyo asiyechungulia kila kiota hatajua wakati wa kuziba. Kiota kikiwa kitupu, kiondolewe siku hiyo hiyo na tundu lizibwe, kabla hajataga tena. Kama tundu halifikiki kwa jicho, lisokotewe gazeti kwa ulegevu. Likisukumwa nje katika siku mbili tatu, fahamu mna mwenyeji. Wavu wa kuzuia njiwa watosha kuwa na matundu ya milimita 50, lakini shomoro atapita humo bila taabu. Yeye hataki zaidi ya milimita 19. Ufungwe ukakazwa, kwa sababu wavu uliolegea hunasa miguu na mbawa, ukawa mtego badala ya ukuta.

Na kabla ya hayo yote, sakafu ifagiliwe kila jioni. Mchele uliomwagika ndio mwaliko.

Ulimbo, na hii gundi ya kunasia panya iuzwayo siku hizi madukani, hatuoni njia ya kuvihalalisha kwa ndege. Aliyenaswa hafi upesi. Hujinyonyoa manyoya na kuvunjika miguu, akangoja kiu immalize. Tunajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia asimlishe wala asimwache ajitafutie. Hakumpiga, alimfungia tu.

Watu watatujibu kwa kunguru, na jibu lao lina nguvu. Kunguru huyu wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akaenea mwambao mzima, naye hula mayai na makinda ya ndege wa asili yetu. Isitoshe, kunguru ametajwa katika Hadithi sahihi miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Ruhusa hiyo twaikubali. Lakini Hadithi nyingine, aliyoipokea Muslim, yaamuru wema katika kila jambo, hata katika kuua: mwenye kuua aue vizuri. Kunguru aliyeingia katika mtego wa wavu akaachwa juani siku tatu bila maji hakuuawa vizuri. Mtego uwe na kivuli na maji, ukaguliwe kila siku, na auaye aue mara moja.

Bundi ndiye adhulumiwaye kuliko wote. Watu humpiga mawe kwa kuogopa nuksi, hali Mtume (s.a.w.) alikwisha kuikanusha itikadi ya Waarabu wa zama za ujinga juu ya hama, ambaye wanavyuoni wamemfasiri kuwa ni bundi. Na huyu mweupe akaaye maghalani hula panya usiku kucha bila mshahara! Mwenye kumfukuza hununua sumu ya panya. Na sumu hiyo hiyo, bundi akila panya aliyeila, humwua naye. Yeye aachiwe tundu lake.

Limebaki suala la ndege aliyepotea ndani ya duka. Vijana wa dukani humkimbiza kwa fagio huku wakicheka, mpaka aanguke kwa kuchoka au ajigonge kwenye kioo. Njia ni rahisi kuliko hiyo: zimeni taa zote, funikeni madirisha yasiyofunguka, acheni mlango mmoja wazi wenye mwanga, na watu watoke. Ndege huufuata mwanga. Akijigonga kioo akazimia, awekwe katika boksi lenye matundu ya hewa, mahali pa giza na kimya, kwa saa moja hivi, wala asitiwe maji kinywani. Akipata fahamu afunguliwe nje. Na ikiwa duka lafungwa kwa Idi siku tatu nne, basi kabla ya kufuli mwenye funguo na atazame juu kwenye boriti, kwani ndege mdogo hastahimili siku hizo bila chakula na maji.