Mantiki na Kuwapo: Je, Kanuni za Hoja Hudai Vitu Viwepo?

Je, anayefuata kanuni za mantiki rasmi hulazimika kukubali kwamba vitu fulani vipo?

Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikafika katikati ya mji wa Goma. Baada ya janga la namna hiyo, ripoti ikisema, "Watoto wote waliopotea wamepatikana", msomaji huelewa kwamba wapo waliopotea. Mantiki ya Aristotle ingemwunga mkono, kwani humo "wote" huzaa "baadhi". Mantiki ya kisasa, iliyoasisiwa na Frege mwaka 1879, haimwungi. Kwayo, kauli hiyo yasema tu kwamba hakuna mtoto aliyepotea asiyepatikana. Nayo ni kweli hata kama hakupotea hata mmoja.

Hata hivyo, mantiki hiyo haikosi madai kabisa. Katika mfumo wake wa kawaida, kila jina sharti liwe na mwenyewe, na uwanja wa mazungumzo uwe na kitu kimoja angalau. Ndiyo sababu katika karne ya 20 ilizuka mantiki huru, inayokubali hata jina la Sungura wa ngano.

Kwa upande wa lugha, Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha mwaka 1956 uchunguzi uliotoa kategoria za vilivyopo katika ngeli za Kinyarwanda. Alishikilia pia kwamba kitenzi cha kuwa katika lugha za Kibantu hakijitoshelezi, bali huhitaji kijalizo cha sifa au cha mahali. Kiswahili chaelekea kumthibitisha: yupo, yuko na yumo vyote vina kiambishi cha mahali. Lakini izingatiwe kauli hii: "Ipo namba tasa iliyo shufwa." Namba hiyo ni 2, wala hakuna aulizaye inakaa wapi. Hapo -po imeacha kuonyesha mahali, ikabaki kudai kuwapo tu. Hivyo basi, umbo la neno si ushahidi tosha wa imani ya msemaji.

Kipimo kilichotolewa na Quine mwaka 1948 chafaa zaidi: ni vitu gani sharti viwepo ili kauli iwe kweli? Kwa kipimo hicho, mantiki yenyewe hudai machache mno. Yaliyosalia ni dhamana ya msemaji. Mwandishi wa ripoti hana budi kuongeza kauli ya pili, kwamba watoto walipotea, na idadi yao. Mantiki haitaisema kwa niaba yake.