Kinachoharibu Shoo ya Mpiga Besi wa Ridhaa ni Vitu Vidogo, Si Gitaa la Bei Rahisi

Jumamosi mchana Dar es Salaam, jua likiwa kali, si ajabu kumuona kijana yuko nyuma ya bodaboda na begi refu mgongoni, shingo ya gitaa imempita kichwa. Jumatatu hadi Ijumaa yuko ofisini, dukani au gereji. Wikiendi anapiga besi: leo harusi, kesho ibada ya asubuhi.

Huyo ndiye mpiga besi wa ridhaa. Muziki haumlipii kodi ya nyumba. Akipewa posho, sehemu kubwa inaishia kwenye nauli.

Ndoto ya wengi wao ni moja: siku moja kununua gitaa la bei mbaya. Lakini shoo zikiharibika, mara chache gitaa ndilo lenye kosa. Kinachoangusha watu ni waya, betri, soketi ya ukutani na maneno ambayo hayakusemwa mapema. Na kimoja kati ya hivyo kinaweza kuua.

Kwa nini besi inasumbua kuliko solo

Gitaa la besi la umeme lilipata umaarufu baada ya Leo Fender wa Marekani kutoa Precision Bass mwaka 1951. Kabla ya hapo wapigaji wengi walibeba besi ya mbao ya kusimama, chombo kirefu kama mtu mzima.

Besi ya kawaida ina nyuzi 4. Uzi mnene kuliko yote, yaani E, ukipigwa bila kubanwa unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Wapigaji wengi wa injili wanapenda besi ya nyuzi 5, na ule uzi wa tano, B, unatetemeka kama mara 31 tu.

Hapo ndipo shida inapoanza. Ili sauti nzito namna hiyo isikike, spika lazima isukume hewa nyingi. Mtu wa solo anaweza kutosheka na amplifaya ya wati 30 kwenye ukumbi mdogo. Mwenzake wa besi akipewa wati hizo hizo, drams zinammeza. Yeye anahitaji kama wati 200 au 300. Akilazimisha kwa kufungua sauti mpaka mwisho, spika inaanza kukoroma na mwisho wake inachanika.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hawaambiwi. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Anayejifunza wimbo kwa spika ya simu anasikia kivuli tu cha besi, mengine anakisia. Akifika mazoezini anashangaa kuambiwa anapiga siyo. Dawa ni hedifoni, hata za kawaida.

Vyombo ni vya nani?

Tanzania ina historia ndefu ya wanamuziki kupiga vyombo visivyo vyao. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo inajulikana kama Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park nayo ilipita mikononi mwa shirika la DDC. Mwanamuziki aliajiriwa, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri.

Utaratibu huo haujafa, umebadilika sura tu. Leo amplifaya ni ya kanisa, ya mwenye bendi, au ya kampuni iliyokodishwa na kamati ya harusi. Cha mpigaji mwenyewe ni gitaa na waya mmoja.

Maana yake, anaingia ukumbini hajui atakuta nini. Pengine amplifaya ya besi haipo kabisa, na mtu wa mitambo anamwambia, "Kaka, chomeka tu moja kwa moja kwenye miksa." Akichomeka hivyo, besi nyingi zinatoka nyembamba kama zimebanwa pua.

Ndiyo maana wazoefu wanatembea na DI, kiboksi kidogo kinachoingia mfukoni. Kazi yake ni kuiweka sauti ya gitaa katika hali ambayo miksa inaielewa, na kuisafirisha kwenye waya mrefu bila kuzoa kelele njiani. Kwa mtu asiye na amplifaya yake, DI ina faida ya haraka kuliko gitaa jipya.

"Cheki waya"

Besi ikikata katikati ya wimbo, mtu wa kwanza kulaumiwa ni fundi mitambo. Mara nyingi kosa liko kwenye jeki ya mpigaji: uzi wa ndani umekatika kwa sababu waya unakunjwa kwa kuzungushwa kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Ukunjwe taratibu, kwa duara pana, ufuate mkunjo wake wenyewe.

Ujanja mwingine hauna gharama. Kabla ya kuchomeka, waya upitishwe kwanza ndani ya mkanda wa gitaa. Bibi harusi akiukanyaga akicheza, mkanda ndio unavutwa, jeki inabaki mahali pake.

Kingine ni kutochanganya waya wa gitaa na waya wa spika. Jeki zinafanana, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Wa gitaa una wavu wa kuzuia kelele na ni mwembamba. Ukiutumia kutoka amplifaya kwenda spika, unaweza kupata moto na kuharibu amplifaya ya watu.

Halafu betri. Besi nyingi za kisasa zina betri ya volti 9 ndani, na betri hiyo inaanza kuliwa pale tu jeki inapochomekwa, hata kama gitaa limelala kwenye stendi. Nasaha za wazazi zikichukua saa moja, betri nayo inaliwa saa nzima. Mwenye akili anamwambia mtu wa mitambo afunge sauti, anachomoa, na betri ya akiba iko kwenye begi. Dalili za betri kuisha ni sauti kukwaruza, kisha kufifia, kisha kimya.

Soketi inayoweza kuua

Hili ni la kusoma mara mbili.

Kwenye kumbi nyingi ni kawaida kuona plagi ya miguu miwili inalazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu, tundu la juu limechokonolewa kwa kalamu au kijiti. Wengine wanakata kabisa mguu wa tatu wakidai mngurumo unapungua. Mguu huo ni wa ethi. Kazi yake ni kupeleka umeme ardhini kifaa kikipata hitilafu.

Nyuzi za gitaa la besi zimeunganishwa na amplifaya kupitia ule waya wa jeki. Amplifaya ikivuja umeme na haina ethi, nyuzi nazo zinaweza kuwa na umeme. Mpigaji haoni dalili yoyote mpaka midomo yake iguse maiki aitikie kibwagizo. Hapo umeme unapita mwilini, kutoka vidoleni hadi mdomoni. Harusi za bustanini zinazotumia jenereta lisilo na ethi ni hatari zaidi, hasa nyasi zikiwa mbichi.

Testa ya fundi umeme ni ya bei ndogo. Iguswe kwenye maiki na kwenye nyuzi kabla ya kuanza. Ikiwaka, hakuna kupiga mpaka fundi arekebishe. Isipowaka, hiyo peke yake si uhakika kamili, hivyo bado plagi yenye ethi ni ya lazima. Sifongo la kufunika maiki nalo linasaidia midomo isiguse chuma. Anayesikia hata kachoma kadogo mdomoni aache hapo hapo, asione aibu.

Mngurumo usioisha

Umeme wa Tanzania unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye uzi wa E, tatu kutoka mwanzo wa shingo, ni mitetemo 49. Kwa hiyo mngurumo wa umeme unakaa karibu kabisa na noti ambayo mpigaji anaitumia kila siku, na ndiyo maana unachafua besi kuliko chombo kingine.

Besi yenye vinasa viwili vya koili moja moja, mfano wa Jazz Bass, ina dawa rahisi: vitufe viwili vya sauti viwekwe sawa. Vinasa hivyo hufutiana mngurumo. Ukipunguza kimoja, unarudi. Taa zenye dimma na waya za umeme zilizolala sambamba na waya wa gitaa nazo zinaongeza kelele.

Nyuzi, jasho na sufuria

Nyuzi za besi ni ghali kuliko za solo, kwa hiyo watu wanakaa nazo miaka. Joto la Pwani, jasho na hewa ya chumvi vinazila haraka. Kitambaa kikavu baada ya kila shoo kinazirefushia maisha.

Zikifa sauti, wengi wanazichemsha kwenye sufuria dakika chache na kuzikausha vizuri. Uchafu unatoka, mng'ao unarudi, ingawa kwa muda tu. Wengine hawahangaiki kabisa: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alijulikana kwa kuacha nyuzi kuukuu kwenye gitaa lake kwa sababu aliipenda sauti yake.

Masikio hayana spea

Mpiga besi anasimama kati ya matoazi na spika, pabaya kuliko wote. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ikifika 100, imebaki dakika 15.

Harusi moja inakwenda saa tano. Masikio yakipiga mluzi usiku baada ya shoo, hilo ni onyo. Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa haziti tena. Viziba masikio vya sponji ni vya bei ndogo, na besi bado inasikika kwa sababu inapita hata kifuani.

Maneno ya kusema kabla ya kupanda bodaboda

Wengi wanaacha muziki si kwa kukosa kipaji, bali kwa kuchoka. Mtu anapiga tangu saa kumi jioni, saa saba usiku shughuli inaisha, daladala hakuna, kamati imeshatawanyika, na yeye yuko getini na gitaa mgongoni.

Maswali manne yanaulizwa mapema, tena kwa heshima: Amplifaya analeta nani? Tunapiga saa ngapi hadi saa ngapi? Posho yuko nayo nani? Kurudi usiku inakuwaje? Nauli ya kurudi ni vizuri itoke kabla ya wimbo wa mwisho. La tano ni tuzo. Wageni wanamtunza mwimbaji aliye mbele, mpiga besi yuko nyuma gizani. Kama hamkukubaliana kugawana, ugomvi utaanzia hapo.

Ukumbini hakuna anayegeuka kumtazama mtu wa besi. Wanamkumbuka siku inapokata: miguu inapoteza mwendo, watu wanarudi kwenye viti. Gitaa la bei mbaya linaweza kusubiri. Jumamosi hii begi liwe na waya wa pili, betri, testa, kitambaa na viziba masikio.