Mla-kaa wa Mida, ndege anayeuachia mchanga uatamie yai lake

Maji yanapopwa katika hori ya Mida, jirani na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga uliozungukwa na mikoko. Haupiti muda mrefu kabla kaa hawajaanza kuchungulia kutoka vishimoni, na wenye njaa nao hawachelewi kufika. Vitwitwi hukimbiakimbia kwenye ukingo wa maji. Sululu huchoma tope kwa midomo yao mirefu iliyopinda. Yangeyange na kulasitara husimama kwenye vidimbwi, na misimu mingine flamingo huongezeka. Katikati ya mkusanyiko huo utaona ndege weupe wenye weusi mgongoni na kwenye mbawa, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi, mnene, uliochongoka kama jambia. Huyo ndiye mla-kaa. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, na kwa maoni yangu hakuna ndege wa pwani yetu mwenye maisha ya kustaajabisha kumshinda.

Si ndege mkubwa. Kutoka ncha ya mdomo hadi mkiani ana sentimita 40 hivi, ingawa ile miguu humfanya aonekane mrefu zaidi. Ukitaka kumfahamu, anza na mdomo wake. Karibu majirani zake wote wa kipwani wana midomo myembamba ya kupekulia tope, maana chakula chao ni minyoo na vidudu laini. Yeye anawinda mnyama mwenye gamba gumu na magando ya kujitetea. Hutembea polepole, husimama akatazama, kisha hutimka mbio fupi na kudunga. Kaa mdogo humezwa mzima mzima. Mkubwa kidogo hushikwa, akatikiswa na kubamizwa chini mpaka magando na miguu ikatoke, ndipo kiwiliwili kikapita kooni. Kazi hii haifuati jua. Saa yake ni maji, kwa hiyo bahari ikipwa usiku naye huwinda usiku, na maji yakijaa hukusanyika na wenzake kwenye fungu la mchanga kungoja mpwa mwingine. Ni ndege wa makundi na wenye kelele. Mara nyingi sauti zao hukufikia kabla hujawaona.

Msweden Gustaf von Paykull ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1805, na tangu hapo wataalamu wamesumbuka kumtafutia ndugu. Mwishowe wamemwachia familia yake mwenyewe, Dromadidae, ambayo ina spishi hiyo moja tu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni wale wa familia ya Glareolidae, ambao wengi wao hukimbia kwenye nyanda kavu au kukamata wadudu hewani. Nani angedhani kwamba huyu anayeshinda kwenye tope la chumvi ana udugu na ndege wa nyika?

Lakini lililo kubwa zaidi hulioni ukiwa Mida, kwa sababu Mida hatagi. Wakati wa kuzaa wala-kaa huwa kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani za jirani: Eritrea, Saudia, Oman, Falme za Kiarabu, Kuwait, Iran, na upande wa kaskazini wa Somalia. Hutaga kati ya Aprili na Agosti, yaani katika miezi ambayo mchanga wa kule hauwezi kukanyagwa pekupeku mchana. Ndege wengi wangeikimbia hali hiyo. Yeye huifuata, na anajua anachokifuata.

Ndege wa jamii ya kitwitwi na jamaa zake duniani ni zaidi ya spishi 200. Kwa kawaida hutaga chini, kwenye kishimo kidogo kilicho wazi, na mayai yao huwa na madoadoa yanayofanana na changarawe ili adui asiyatambue. Mla-kaa peke yake huchimba handaki. Akitumia mdomo na miguu, huuchimba mchanga hadi njia ifike mita moja au zaidi, na mwisho wake hutengeneza chumba kisichotandikwa kitu. Humo hutaga yai moja, mara chache mawili. Yai ni jeupe pe, kwa kuwa gizani madoadoa hayamfichi mtu, na ni kubwa sana ukililinganisha na mwili wa aliyelitaga. Mamia ya jozi huweza kuchimba kwenye ufuko mmoja, mpaka ardhi yote ikajaa matundu.

Faida ya handaki si kujificha tu. Uso wa mchanga huchomeka mchana na kupoa usiku, lakini joto hupenya chini kwa uvivu mno. Kadiri unavyoshuka, tofauti ya mchana na usiku inazidi kupungua, hadi ufike kina ambacho joto halibadiliki sana saa zote. Kwenye fukwe hizo, wakati wa kiangazi, joto la chumbani husimama karibu na digrii 35, kiwango ambacho yai la ndege linakihitaji ili kinda akue. Unyevu uliomo mchangani nao hulizuia yai lisikauke. Watafiti waliofanya kazi kwenye visiwa vya Eritrea walieleza mwaka 2008 kwamba wazazi huweza kuondoka na kuliacha yai peke yake hadi saa 58. Ndege wa kawaida akifanya hivyo atarudi akute yai limekufa. Mla-kaa huenda zake kuwinda mbali, kisha akarudi akalikuta lina uhai, kwa sababu jua na mchanga vimeliatamia badala yake.

Hapo mtu angetegemea kwamba mzazi wa namna hii hajishughulishi na mwana. Mambo ni kinyume kabisa. Kinda wa kitwitwi hutoka yaini leo na kabla ya kesho anakimbia na kujidonolea mwenyewe. Kinda wa mla-kaa hukaa ndani ya handaki na wazazi wote wawili humletea kaa mlangoni. Ile nafuu waliyoipata kwenye kuatamia wanaitumia kwenye kulisha. Naona mantiki ndani yake. Kaa si chakula cha kujifunza kwa siku moja. Mnyama huyu hung'ata, hujificha, huingia shimoni kufumba na kufumbua, na kinda mwenye mdomo ambao bado haujakomaa hawezi kumtawala.

Na kulisha hakukomi safari inapoanza. Kuanzia Agosti wala-kaa huanza kushuka kusini. Wengine hubaki kwenye fukwe za Uarabuni, kama zile tambarare kubwa za Barr al Hikman huko Oman. Wengine huenda mashariki hadi India. Wengine hufuata pwani ya Afrika mpaka Lamu, mdomo wa mto Sabaki, Mida, Pemba, Mafia, delta ya Rufiji, na hata Madagaska na Shelisheli. Vijana wa mwaka huo husafiri nao. Mtoto ameshavuka maelfu ya kilomita kwa mbawa zake mwenyewe, lakini akifika huku bado humwandama mkubwa, akiinama na kulialia mpaka apewe kaa. Watafiti wameichunguza tabia hii na kuiandika: malezi yanaendelea miezi kadhaa baada ya kuhama, jambo adimu sana kwa ndege wa jamii hii.

Ndiyo maana siipendi ile kauli kwamba ndege hawa huja kwetu "kupumzika" tu. Nusu ya kwanza ya malezi inafanyika kwenye mchanga wa Ghuba na Bahari ya Shamu, nusu ya pili kwenye tope letu. Kipwa cha Mida ni sehemu ya uzazi wao sawa na lile handaki.

Fikiria hesabu yake. Jozi moja, yai moja, mwaka mmoja. Idadi yao duniani inakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, na kwa orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini bado hawajafika pabaya. Hata hivyo, ndege anayezaa kwa mwendo huo hawezi kufidia hasara upesi. Visiwa wanavyozalia ni vichache. Paka na panya waliofikishwa huko na watu huingia mahandakini, na katika baadhi ya sehemu watu wamekuwa wakiokota mayai na makinda kwa chakula. Njia yao yote imepakana na bahari inayopitisha mafuta mengi kuliko karibu bahari yoyote. Sisi hatuna uwezo juu ya hayo. Tulicho nacho mkononi ni mikoko na kipwa.

Mikoko haimhusu mla-kaa kwa kivuli. Majani yake yakianguka, kaa huyala na kuyazika vishimoni, na tope linapata rutuba inayolisha viumbe wengine wote wa kipwa. Ukifyeka mikoko kwa boriti na makaa, umepunguza kaa. Hori ya Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, na upande wa bara inapakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Shirika la A Rocha Kenya limeendesha hapo mpango ninaouheshimu sana: daraja la mbao linaning'inia kati ya mikoko hadi kwenye banda la kutazamia ndege, na ada ya wageni husaidia kulipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu na hori. Mzazi ambaye karo ya mwanawe inatokana na ndege ana sababu ya kuuliza nani anakata mkoko.

Ukienda kuwatazama, usiulize saa, uliza maji. Maji yakiwa yamepwa kabisa, hasa wakati wa bamvua, ndege wametawanyika mbali na hata darubini nzuri itakuonyesha vitone tu. Fika maji yanapoanza kujaa. Bahari itawasogeza taratibu kuelekea mikokoni, kundi baada ya kundi, na wewe ukae bandani utulie. Usishuke kuwafuata kipwani. Saa za kula zimehesabiwa na bahari, na ndege anayerushwa mara tatu katika mpwa mmoja amepoteza kaa ambao hatawapata tena mpaka maji yapwe upya. Jioni kati ya Novemba na Machi kuna ziada: keremkerem wekundu huja kulala mikokoni kwa wingi.

Kisha mtazame mgongo. Mtu mzima ana mgongo mweusi unaong'aa. Kijana wa mwaka ana mgongo wa kijivu na utosi wenye rangi ya vumbi, na mara nyingi yuko hatua chache tu nyuma ya mkubwa. Hesabu weusi, hesabu wa kijivu, andika tarehe. Kila Januari watu wa nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kwa pamoja, desturi iliyoanza mwaka 1967, na kwa mla-kaa hesabu ya vijana ina thamani ya pekee. Visiwa anavyozalia vingi havifikiki kirahisi, vingine viko kwenye maji yenye ulinzi wa kijeshi. Kama kipwani kuna vijana wengi kati ya mia, mahandaki yalikuwa na mwaka mzuri. Kama wa kijivu ni wachache, kuna jambo limetokea kule kaskazini, nalo linaweza kutambuliwa kwanza na mtu aliyesimama Mida, Mafia au Pemba akiwa na darubini na kalamu. Hata mvuvi asiye na darubini, anayewapita kila alfajiri akienda kutega, anaweza kuwatofautisha kwa macho matupu maji yanapokuwa yamewasogeza karibu.