Ndege Wageni Wamefika: Tuwatazame, Tusiokote Mizoga



Wapenzi wasomaji, mvua za vuli zinapokaribia, katika majaruba na mbuga zetu huanza kuonekana ndege ambao miezi iliyopita hawakuwapo. Korongo weupe, wenye mabawa yaliyochovywa weusi na midomo mirefu myekundu, hutembea kwa madaha nyuma ya maksai wanaolima, wakidonoa panzi na viwavi. Mbayuwayu hupita chini chini juu ya zizi wakikamata inzi. Hao ni wageni. Wengi wametoka Ulaya na Urusi, ambako baridi imeingia na wadudu wametoweka, nao watarudi kwao kati ya Machi na Aprili. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, anawataja ndege wa namna hii kwa sababu hiyo hiyo: wanajua majira yao.

Msomaji anaweza kuuliza, huu ni ukurasa wa afya, ndege wanaingiaje? Wanaingia kwa mlango wa jikoni. Lakini kabla ya kufika huko tuwafahamu kwanza wageni wetu.

Zamani hata Wazungu hawakujua ndege hawa huenda wapi. Wapo waliosadiki kwamba mbayuwayu hujizika katika matope ya mabwawa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, huko Mecklenburg, Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki wa mti wa Kiafrika umepenya shingoni mwake, urefu wa sentimita 80 hivi. Ndege huyo alikuwa amechomwa Afrika akaruka nao hadi Ulaya! Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye wataalamu walianza kuwavisha ndege pete ndogo za chuma zenye namba. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kiumbe huyo ana uzito wa gramu 20 tu.

Siku hizi Uingereza kuna watu wanaosafiri usiku kucha na darubini ili kumwona ndege mmoja adimu aliyepotea njia. Mkulima wa Shinyanga huona korongo mia kabla ya kunywa uji, wala hageuzi shingo. Hasara ni yetu, maana korongo na mbayuwayu ni vibarua wa bure: hula panzi, viwavijeshi na inzi. Enzi za ukoloni miti mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kufukuza mbung'o. Tangu mwaka 1986 mradi wa HASHI ulihimiza wananchi kurudisha ngitili zao, na miti ilipoota tena, ndege nao walipata pa kutua.

Sasa tuje jikoni. Pamoja na wageni hawa yupo mwenyeji msumbufu, kweleakwelea. Ndege mmoja hula nafaka gramu 10 hivi kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 za mtama, uwele au mpunga kila siku. Mkulima akiona wingu hilo linashuka, huomba ndege ya serikali ije kunyunyiza sumu. Kwa kawaida hunyunyizwa jioni, kweleakwelea wakiwa wamelala kwa maelfu mitini au katika mafunjo. Sumu inayotumika sana ni fenthioni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Queletox. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiweka fenthioni kali ya aina hiyo ya kunyunyiza katika orodha ya kemikali zinazohitaji uangalizi wa pekee katika biashara kati ya nchi na nchi.

Asubuhi yake ndege huwa wametapakaa chini. Tai na korongo wa jalalani huja kula mizoga hiyo nao wakafa. Na watoto huja na vikapu. Hapa ndipo tunawasihi wazazi. Nyama ya kweleakwelea yenyewe si sumu. Huko Kondoa watu huwatega kwa vikapu na kuwala, na ni kitoweo kizuri. Lakini ndege aliyeanguka baada ya kunyunyiziwa ana sumu katika manyoya, ngozi na nyama. Kumwosha, kumkaanga au kumkausha hakuifanyi nyama yake iwe salama. Kuku na mbwa nao wafungiwe. Mtu akiuza kweleakwelea mnadani na hataki kusema walikamatwaje, mpite.

Aliyekula au kushika sumu hii hutokwa na mate na machozi mengi, hutoa jasho, hutapika na kuharisha. Mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, kifua hubana. Dalili zaweza kuanza baada ya saa chache, na kwa fenthioni zaweza kuchelewa zaidi. Mvue nguo, mwogeshe kwa maji na sabuni ukiwa umefunika mikono yako kwa mifuko ya plastiki, mlaze kwa ubavu, kisha mkimbize hospitali. Usimpe maziwa, wala usimtapishe. Mweleze mganga waziwazi kwamba amekula ndege wa sumu, maana ipo dawa, atropini, na bila habari hiyo yaweza kudhaniwa ni malaria kali au kipindupindu.

Ndugu zetu wa Geita na Kahama wanayo sumu nyingine. Mahali ambapo marudio ya dhahabu huloweshwa kwa sayanaidi, ndege hushuka kunywa maji ya mabwawa hayo na kufa papo hapo. Ndege wa namna hiyo si kitoweo, na bwawa linaloua ndege litamuua pia mtoto na ng'ombe. Lizungushiwe uzio.

Kwa wakaao kando ya Ziwa Viktoria kuna jambo la tatu. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege katika ndege wageni waliokufa ufukoni mwa ziwa hilo, karibu na Entebbe, na bata na kuku wa kufugwa pia waliugua. Ziwa ni moja, na ndege hawana pasi ya kusafiria. Tofauti na sumu, kirusi cha mafua hufa nyama ikiiva sawasawa. Hatari kubwa iko katika kunyonyoa na kupasua. Mafua haya huwapata watu kwa nadra, lakini yakimpata mtu yaweza kuwa makali. Ukiona ndege wengi wamekufa pamoja, usiwaguse, mwite bwana mifugo. Mtu aliyeshika mizoga kisha akapata homa na kukohoa aende zahanati na aseme alichoshika.

Na kama siku moja utaona pete ya chuma mguuni mwa korongo aliye hai, mwache aende zake. Ukiweza kusoma namba yake kwa mbali, iandike pamoja na tarehe na jina la kijiji, uipeleke ofisi ya maliasili ya wilaya. Huenda yuko mtu Ulaya anayesubiri kujua ndege wake alifika wapi.