Je, Kampuni Kubwa Humzuia Mfanyakazi Kubuni?

Ujasiriamali si wa mwenye duka peke yake. Hata mtu aliyeajiriwa anaweza kuwa mjasiriamali, akiona njia mpya ya kazi na kuthubutu kuipendekeza. Je, ukubwa na umri wa kampuni humsaidia au humzuia?

Nianze nyumbani. Kaka yangu aliajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Rabai, wafanyakazi wakiwa watatu tu. Aliona wateja hawamudu kopo zima la rangi, akashauri wapimiwe kidogo kidogo. Tajiri alikuwa palepale, na wiki hiyo hiyo wakajaribu. Baadaye alipata kazi katika kampuni kubwa ya zamani huko Mombasa. Alipotoa wazo la kuuza mbao za makasha yaliyovunjika, msimamizi alimjibu, "Kwani wewe umeajiriwa kubeba au kufikiri?" Tangu siku hiyo kaka hubeba tu.

Sababu ni nini? Katika kampuni ndogo na changa, mfanyakazi na tajiri huonana kila siku. Kampuni ikikua, wazo hupanda ngazi ndefu. Ikizeeka, mazoea hugeuka sheria. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata hivyo, kampuni ndogo nayo ina shida yake: rangi ikikauka koponi, hasara yaweza kufunga duka.

Sasa tutazame kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954. Kufikia 1971 kilikuwa kikubwa, na machimbo yake yalikuwa jangwa la mawe. Mfanyakazi wake, René Haller kutoka Uswisi, aliachiwa ajaribu kuotesha miti humo. Alipanda aina 26. Zilizostawi ni tatu tu, mmojawapo ukiwa mnazi wetu! Mvinje ndio uliofana zaidi. Akaleta majongoo wale majani yake makavu, udongo ukapatikana. Baadaye wakafuga samaki, na mwaka 1984 wageni wakaanza kuingia kutembea. Duka dogo lingewezaje kungojea miaka yote hiyo?

Kwa hivyo, udogo huleta wepesi na ukubwa huleta uwezo. Lakini vyote ni bure kama mkubwa wa kazi hasikilizi. Nawe msomaji, ukija kuwa msimamizi kesho, kumbuka kwamba anayebeba pia ana kichwa.